Msumari Mahali pa Pini

Kila Jumamosi asubuhi, kabla milango ya karakana haijafunguliwa yote miwili, Chiriku huwa ameshamaliza kufagia. Huanzia kwenye meza ya vyuma, akapita chini ya rafu za matairi, akamalizia katikati, pale penye sakafu ya saruji iliyogeuka nyeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Baba yake hakubali kokoto hata moja ibaki pale. "Jeki ina magurudumu, mama," humwambia. "Ikikanyaga kokoto inahama, na gari linahama nayo."

Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake, wala hakuonewa. Chiriku ni ndege asiyejua kunyamaza, na binti huyu wa darasa la saba alikuwa vivyo hivyo. Aliongea akifagia, aliongea akishika tochi, aliongea hata maji ya kunywa yakiwa bado mdomoni. "Mpwa wangu," mjomba alizoea kusema, "siku utakayonyamaza, mimi nitaita daktari." Wakacheka wote wawili, na baba akaguna tu huku akifuta spana zake.

Karakana ilikuwa mwisho wa mtaa, pale lami inapokwisha na barabara ya vumbi inapoanza kupanda milimani. Mafundi walikuwa wawili. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Mjomba alikuwa mtu wa utani, na kichwani hakukosa kofia yake ya kijani iliyopauka, hata jua likiwa la utosi. Mama yake Chiriku alizaliwa na ndugu mmoja tu, naye ndiye huyo mjomba.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake, na baba hakuivunja hata siku ambazo wateja walimpigia kelele mlangoni. Anayelala chini ya gari siye anayepanga stendi, vile vyuma vinavyolishikilia gari likishainuliwa. Mpangaji hupanga, huhakikisha, kisha hurudi nyuma. Yule anayetaka kulala chini huuliza kwa sauti, "Zimekaa?" Naye mpangaji hujibu, "Zimekaa!" Jibu hilo lisipotoka, hata kidole hakiingii chini ya gari. Watoto wa mtaa walishaligeuza kuwa mchezo wao, walikuwa wakiulizana "Zimekaa?" kabla ya kuruka mtaro.

Tangu likizo iliyopita, kazi ya kupanga stendi alipewa Chiriku. Loo! Siku ile alitembea mtaani kama bibi harusi. Stendi zenyewe zilikuwa vyuma vya miguu mitatu, na katikati ya kila moja kulikuwa na bomba linalopanda na kushuka, lenye matundu ubavuni. Ukipata kimo unachokitaka, unapitisha pini nene ya chuma kwenye tundu hadi itokeze upande wa pili. Pini ile ndiyo inayobeba. Ukiitoa, stendi haina kazi tena.

Jumamosi hiyo, hata chai haijanywewa, walisikia mngurumo ukiteremka barabara ya mlimani. Chiriku aliutambua upesi. "Panzi huyo!"

Panzi lilikuwa jina la gari dogo la porini alilotumia muuguzi wa zahanati. Lilikuwa na viti viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, halikuwa na milango wala vioo, na mahali pa paa palikuwa na mabomba matupu. Matairi yake yalikuwa makubwa kuliko umbo lake, na springi zake zilikuwa ndefu kiasi kwamba likipita kwenye mashimo lilirukaruka. Watu wakaliita Panzi, nalo likaitika.

"Shikamoo, Sista," Chiriku akasalimia.

"Marahaba, mwanangu." Muuguzi alishuka akijipangusa vumbi usoni. "Fundi, gurudumu la nyuma la kulia linapiga kelele. Nikikata kona linalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Na kesho alfajiri lazima nipande juu na chanjo. Kule hakupandi gari jingine, unajua."

Baba alilishika gurudumu, akalitikisa, akalisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. "Beringi imekwisha, Sista. Na huku ndani kuna bolti ya mkono wa springi imelegea. Tuongozane dukani kwa vipuri, ukaone mwenyewe tunachonunua. Shemeji atafungua." Akamgeukia binti yake. "Chiriku, tunainua nyuma. Panga."

"Ndiyo, baba!"

Baba na muuguzi wakaondoka. Chiriku akaanza kazi huku mdomo ukienda. Alihakikisha gia iko kwenye kuegesha, akachomoa ufunguo, akampa mjomba autie mfukoni, maana anayelala chini ndiye anayekaa na ufunguo. Akabana kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Mjomba akalegeza nati za gurudumu bovu likiwa bado limekanyaga chini. Kisha jeki ikaingizwa, ikakaa chini ya fremu, wala si chini ya mikono ya springi, ambayo hucheza ikakumwagia gari.

"Inua, inua," mjomba akasema. "Huyu Panzi ana miguu mirefu. Gari jingine lingekuwa limeshaelea, yeye bado anagusa."

Jeki ikapanda. Magurudumu ya nyuma yakaning'inia, hatimaye yakaachana na sakafu. Chiriku akaileta stendi ya kushoto, akapandisha bomba lake, akapitisha pini, ikatokeza upande wa pili. Safi. Akaileta ya kulia. Akapandisha bomba, mkono wake ukaitafuta pini pale inaponing'inia siku zote. Haikuwapo.

 Na alijua iko wapi.

Ilikuwa shuleni. Alhamisi ile, Chiriku na wenzake walikuwa wakijiandaa kwa mechi ya mpira wa pete. Nguzo ya pete nayo ilikuwa bomba ndani ya bomba, na pini yake ilikuwa imepotea, kwa hiyo pete ilikuwa ikiteremka kila ikiguswa na mpira. Chiriku ndiye aliyekuwa mfungaji. Akawaambia wenzake kwa majigambo, "Mimi kwetu kuna pini za chuma, tena nene." Jioni akaichukua moja bila kuaga, ingawa baba alikuwa amekataza kitu chochote kutoka karakana. Ijumaa wakashinda. Kwa shangwe za ushindi, pini ikasahaulika kwenye nguzo. Usiku alipoikumbuka, alisema moyoni mwake kwamba Jumatatu ataichukua, na hakuna atakayejua; asubuhi, katika kufagia na kuongea, ikamtoka tena akilini.

Sasa ilikuwa Jumamosi, shule imefungwa, na Panzi yuko juu ya jeki.

"Vipi huko?" mjomba akauliza kutoka mezani. Alikuwa akitafuta nyundo.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa dogo: pini haipo. Lakini Chiriku aliwaza baba akirudi. Akawaza akinyang'anywa kazi ya stendi, watoto wa mtaa wakimcheka. Macho yakaangukia kwenye kopo la misumari. Akachukua mmoja wa inchi nne, akaupitisha kwenye tundu. Ulicheza mle ndani kama jino la mtoto. "Na huu nao ni chuma," akajisemea.

Akaishusha jeki polepole. Uzito ukaikalia stendi, stendi ikalia kidogo, ikanyamaza. Ikashika! Chiriku akashusha pumzi. Ilimpasa kulitikisa gari kwa nguvu, kama alivyofundishwa. Alilisukuma kwa vidole viwili, akaacha.

Mjomba akaja, akamaliza kufungua nati, akalitoa gurudumu. Kwa kawaida gurudumu likitolewa hulazwa chini ya fremu, liwe mlinzi wa pili kama stendi ikikosea. Lakini siku hiyo lilikuwa na pancha pia, kwa hiyo mjomba alilivingirisha ng'ambo ya barabara kwa mziba pancha. Aliporudi akaivuta na jeki pembeni apate nafasi ya kulala. Akachuchumaa, kofia kichwani, nyundo mkononi.

"Zimekaa?"

 Chiriku akatazama kwingine. "Zimekaa!"

"Leo sauti imetokea puani," mjomba akasema, akacheka, akajilaza chali na kujisukuma chini ya Panzi mpaka kifua chake kikawa chini kabisa ya bamba la chuma linalokinga tumbo la gari.

Bolti ilikuwa imeshikwa na kutu. Mjomba akaanza kuigonga. Ko! Panzi akatikisika. Ko! Ko! Chiriku alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, sahani ya nati mapajani, akitazama mahali pamoja tu. Kila nyundo ilipogonga, yeye alikaza meno. Hakusema chochote, kwa kuwa alichokuwa nacho mdomoni kilikuwa kimoja, na hicho hakuthubutu kukitoa.

"Chiriku," sauti ikatoka chini ya gari. "Mbona kimya hivyo? Niite daktari?"

Utani ule ule wa siku zote. Lakini Chiriku hakucheka. Macho yalimjaa machozi ghafla. Mawazoni alimwona mama yake akiwa nyumbani, cherehani mbele yake, akimshonea mjomba huyu huyu shati. Ko! ikagonga nyundo. Chiriku akainama, akautazama msumari. Ulikuwa umenyooka alipouweka. Sasa ulikuwa umepinda katikati, na bomba la stendi lilikuwa limeanza kushuka.

"Mjomba, toka."

"Subiri niimalize hii moja."

"Mjomba, toka!" Akaruka, sahani ikaanguka, nati zikatawanyika sakafuni. "Stendi haijakaa! Nilikudanganya! Toka, mjomba, toka sasa hivi!"

Sauti ile haikuwa ya mzaha, na mjomba aliijua sauti ya mpwa wake. Akaiachia nyundo, akajisukuma kwa visigino na viwiko mpaka akatoka kichwa na mabega, kisha mwili wote. Akakaa kitako akihema, akajishika kichwa. Kofia ilikuwa imebaki chini.

"Wewe mtoto umenitia kiwewe," akasema. "Haya, hebu niichukue kofia yangu, nikuangalizie hiyo stendi." Akageuka, akanyoosha mkono chini ya gari.

Chiriku alimrukia mgongoni. Alimkamata ovaroli kwa mikono yote miwili, akamvuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo, wakaanguka wote wawili nyuma. Mjomba alikuwa bado hajapata la kusema, stendi ikalia mlio mkali mmoja, na Panzi akalala upande wa kulia kwa kishindo kilichotikisa rafu za matairi.

Vumbi likapanda, likatua.  Pale alipokuwa amelala mjomba, bamba la chuma lilikuwa limekaa chini, na ukingo wa kofia ya kijani ulikuwa umechungulia nje kidogo, umebanwa mpaka ukawa bapa. Mjomba aliitazama ile kofia. Akaweka kiganja kifuani pake, akakiacha hapo. Huyu mtu wa utani hakuwa na utani hata wa kuazima.

Baba na muuguzi walikuwa wanavuka barabara waliposikia kishindo. Baba aliingia mbio. Alimtazama shemeji yake kwanza, kichwa hadi mguu, kisha binti yake, kisha gari. "Kuna aliyeumia?"

"Hakuna, shemeji," mjomba akajibu, akijitahidi kusimama. Akamtupia Chiriku jicho la upesi, jicho la huruma. "Stendi imeteleza tu. Ajali haina kinga."

Tazameni basi mtego ule. Mjomba alikuwa amemfungulia mlango wa kukimbilia. Angenyamaza tu, mambo yangeishia hapo: stendi imeteleza, ajali haina kinga, pole jamani, tuendelee. Jumatatu angeirudisha pini kimyakimya. Chiriku alimtazama mjomba, akaitazama kofia.

"Haikuteleza, baba," akasema, na sauti ikamkatika. "Pini haikuwapo. Niliipeleka shuleni kwenye nguzo ya pete, nikaisahau. Nikaweka msumari. Mjomba akaniuliza zimekaa, nikasema zimekaa. Nilijua hazijakaa."

Baba alipiga goti kando ya gari bila kuingiza mkono. Akauona msumari umejikunja kama ndoano. Akayaona na mafuta ya breki yakivuja sakafuni, kisha akasimama.

"Ajali haina kinga, kweli, shemeji," akasema. "Lakini hii ilikuwa na kinga. Kinga yake iko shuleni."

Akamgeukia muuguzi. "Sista, samahani sana. Kwa kuanguka huku mrija wa breki umekatika. Kosa ni letu, na tutalirekebisha sisi. Kesho alfajiri utapanda mlima."

Muuguzi alitikisa kichwa. Alikuwa bado ameikumbatia beringi mpya ndani ya karatasi yake. "Mrija una duka lake, fundi," akasema. "Mbavu hazina duka."

"Chiriku, twende," baba akasema.

Walitembea hadi shuleni bila neno. Chiriku aliomba moyoni baba afoke, agombe, afanye lolote, maana ukimya ule ulimlemea kuliko makofi. Mlinzi wa shule aliwafungulia geti, wakakatiza uwanja mpaka kwenye nguzo. Pini ilikuwa pale pale, imechomekwa vizuri, inang'aa kwa jua.

"Itoe," baba akasema.

Chiriku akaivuta. Bomba likateremka, pete ikashuka na kugonga chini, kwaa! Wote wawili waliitazama.

"Umeona?" baba akasema taratibu. "Pete ya mpira uliipa pini. Mjomba wako ukampa msumari."

Chiriku alilia hapo kwa sauti, bila kujificha uso. Baba alimwacha alie. Kisha akasema: "Mwanangu, leo ningeingiaje ndani kwa mama yako? Ningemwambia nini? Kwamba kaka yake amekufa kwa sababu tuliona haya kusema pini haipo?"

"Nisamehe, baba."

"Umemwita akatoka. Umesema kweli hata alipotaka kukufichia. Hayo nayo nimeyaona." Akamwekea mkono begani. "Lakini jua kwamba ulichelewa, na kuchelewa kwingine hakuna kurudi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mara nyingine huwa mjukuu wa marehemu. Twende, kuna gari la watu linatungoja."

Kazi ilianza upya. Baba na mjomba walimwinua Panzi kwa jeki wakiwa wamesimama mbali naye, mkono mrefu wa jeki ukifanya kazi, na miili yao ikiwa nje. Gurudumu lililozibwa pancha likarudi, likalazwa chini ya fremu. Kisha baba akarudi nyuma, akaikunja mikono kifuani. "Panga," akamwambia Chiriku.

"Mimi, baba?"

"Nani mwingine?"

Chiriku akaenda kwenye magurudumu ya mbele. Akazikagua kabari, akazipigapiga kwa kisigino. Akaweka stendi ya kushoto, akapitisha pini. Akaweka ya kulia, akaitoa pini mfukoni, ikiwa bado na joto la mwili wake, akaipitisha mpaka ncha ikatokeza upande wa pili. Akaishusha jeki uzito ukakaa, akaiacha iguse fremu kidogo. Akalishika gari kwa mikono miwili, akalitikisa kwa nguvu zake zote. Panzi hakusogea.

Mjomba alikuwa ameshaichukua kofia yake. Aliikunjua, akaikung'uta, akaivaa hivyo hivyo na alama yake ya mafuta katikati. Akapiga hatua mbele. Baba akamzuia kwa mkono.

"Leo nalala mimi, shemeji."

"Lakini..."

"Nalala mimi."

Akapiga magoti kando ya gari. Akamtazama binti yake usoni. "Zimekaa?"

Chiriku akafumbua kinywa, jibu halikutoka. Neno lile alilolizoea, ambalo watoto wa mtaa walilichezea mtaroni, lilikuwa limekuwa zito. Akageuka. Akalizunguka gari lote tena, kabari moja moja. Akainama, akaigusa pini ya kushoto. Akaigusa pini ya kulia, akaizungusha kwa vidole, akaiacha. Muuguzi alisubiri. Mjomba alisubiri. Hakuna aliyemharakisha.

"Zimekaa, baba," akasema.

Baba hakulala mara moja. Aliinama yeye mwenyewe, akaitazama pini moja, akaitazama ya pili. "Kuanzia leo," akasema, "anayepanga ataangalia, na anayelala naye ataangalia. Nilikupa kazi inayobeba roho za watu, nikakuachia peke yako. Hilo ni fungu langu katika kosa hili, wala silikwepi." Kisha akajilaza chali, akaingia chini ya gari.

Jua lilipoanza kupungua makali, Panzi alikuwa na beringi mpya na mrija mpya wa breki. Muuguzi alilizungusha gari barabarani, akakata kona, gurudumu halikulia. Akawapungia mkono, akaondoka zake kwenda kupakia chanjo.

Walinawa mikono kwenye karai moja, mmoja baada ya mwingine. Chiriku ndiye aliyewamiminia maji. Baba alikuwa akisugua kucha alipoanza kusema, na kwa mtu wa maneno machache, siku hiyo alisema mengi.

"Chuma hakina haya, mama. Kisipoweza kubeba, kinapinda, na kila mwenye macho anaona. Binadamu ndiye anayepinda kwa ndani na nje akabaki amesimama wima. Ndiyo maana karakana hii inaendeshwa kwa neno la mtu. Mjomba wako hakulala juu ya stendi zako, alilala juu ya neno lako. Kitu kikikosekana, sema. Ukikiharibu, sema. Kusema 'pini haipo' ni aibu, nakubali, lakini ni aibu inayokwisha kabla ya chai kupoa. Kusema 'zimekaa' na hazijakaa, hiyo ni aibu ambayo leo tungeifukia kaburini pamoja na mtu."

"Nimeelewa, baba."

"Kazi ya stendi bado ni yako. Sikunyang'anyi. Ila kesho utatafuta minyororo mifupi, ufunge kila pini kwenye stendi yake, isitoke tena bila wenyewe kujua. Na Jumatatu utawaambia walimu na wenzako kwa nini pete yao imeshuka. Utawaambia yote."

Chiriku alifanya hayo yote. Kuwaambia wenzake kulikuwa kugumu, na wawili watatu walicheka, lakini alipofika kwenye habari za kofia, hakuna aliyeendelea kucheka.

Jumamosi iliyofuata alifagia kama kawaida, kuanzia mezani hadi katikati. Likaja gari, likainuliwa. Chiriku akapanga stendi, minyororo midogo ikining'inia kwenye pini, akatikisa, akazunguka mara ya pili. Mjomba akauliza, akajibiwa, akaangalia kwa macho yake, akalala chini na kofia yake yenye alama. Chiriku akakaa kwenye ndoo yake, macho yakiwa kwenye stendi, mdomo umefungwa kwa hofu ya juma zima.

Muda ukapita. Kisha sauti ikatoka chini ya gari.

"Mpwa wangu, ongea basi. Mimi nikiwa huku chini, kelele zako ndizo zinazonipa amani. Siku ile uliponyamaza ndiyo siku niliyokaribia kufa."

Chiriku akayafuta macho kwa kiganja. Akaanza kumsimulia habari za shule, tangu mwanzo, bila kuruka kitu.